Uji wa Mzazi kwa Mama Mbega

Kama umewahi kufika kwa Léontine hapa Stockholm, pale Vällingby, hata kama ulikwenda kurudisha mwavuli tu, basi umekula. Hukuulizwa. Ulivua viatu mlangoni, ukaketi, na kabla hujamaliza kusema habari za huko utokako, sahani ilikuwa mbele yako: bukari, ambao sisi Wakenya tunauita ugali, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wadogo aliowakausha juu ya kipasha joto cha chumbani mpaka majirani wakaandika barua ya kulalamika.

"Mutu akifika kwako haumuulizake kama atakula," aliniambia siku ya kwanza nilipojaribu kukataa. "Ukimuuliza, ni kama unamuambia arudi kwake. Weye unaweka sahani, basi."

Mimi ni Jerioth, mtu wa Meru, na sipendi kulazimishwa. Lakini nilikula, nikaongezewa, nikala tena. Miaka kumi na minne sasa ninalishwa na mwanamke huyu, na kila mara ninaondoka nikinung'unika huku nimebeba bakuli la plastiki kwenye mfuko.

Tulijuana kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili. Tulikuwa hatujasalimiana zaidi ya mara mbili nilipofanyiwa upasuaji wa nyongo. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshajiendea zake, na mimi nilikuwa nimelala peke yangu katika chumba changu Sundbyberg, sina hata nguvu za kuchemsha chai. Kengele ikalia. Nikafungua, nikamkuta mama mfupi mwenye koti kubwa kuliko yeye, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa shali kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuwa amepanda treni mbili na ile sufuria mapajani. Sikujua hata jina lake. Akanipita mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni kutafuta kijiko.

Nilimuuliza baadaye sana, tulipokuwa tumezoeana, ni nani aliyemtuma. Ndipo akanieleza habari za mkebe.

Léontine ni wa Uvira. Alikimbia vita akiwa na mimba kubwa, mume wake akapotelea njiani, akajifungua Précieuse katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, wiki ya pili tangu afike. Maziwa hayakutoka. Siku tatu mtoto alinyonya titi kavu, na siku ya tatu alikuwa ameacha hata kulia. Asubuhi ya nne akaja mwanamke asiyemjua, amebeba uji katika mkebe wa mafuta ya kupikia, akakaa chini, akashika mkebe mpaka Léontine akaunywa wote. Jioni maziwa yakaanza kutoka. Yule mwanamke alikuja siku tisa mfululizo. Siku ya kumi hakuonekana, na kambi ilikuwa kubwa, na Léontine hakuwa amemuuliza jina. Précieuse leo ni mwanamke wa karibu miaka thelathini, ana mume na nyumba Södertälje, na anamjibu mama yake kwa Kiswidi.

Kwa hiyo ukiona Léontine anakusukumia sahani, ujue hakulishi wewe peke yako. Analipa ule mkebe, na hajui amlipe nani, basi anamlipa kila mtu.

Kwa miaka kumi na moja alisafisha ofisi. Halafu, mwaka juzi mwezi wa nane, akapata kazi katika bustani ndogo ya wanyama, jikoni kunakotayarishwa chakula chao. Alinipigia simu akipiga vigelegele. Nami nikamcheka. Nilimwambia, Mama Précieuse, umemaliza kuwalisha watu wote wa Stockholm, sasa umehamia kwa nyani? Akasema ndiyo, na kwamba nyani hawasemi wameshiba.

Ilikuwa kazi ya majaribio ya miezi sita, kama ilivyo desturi huku. Ndani ya hiyo miezi sita mwajiri anaweza kukuambia asante, usirudi kesho, na hakuna wa kumuuliza. Léontine alijua hilo vizuri sana. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hiyo ilikuwa kazi ya kwanza nchini humu aliyoamka akiitamani.

Wiki yake ya kwanza alitafuta ndizi. Alifungua majokofu yote mawili, akaenda stoo, akarudi kwa mkuu wa nyumba ya nyani, mama mmoja wa Kiswidi mrefu aitwaye Gunnel, asiyecheka ovyo, akamwambia kwa heshima kwamba ndizi zimekwisha. Gunnel akamjibu kwamba zilikwisha miaka mingi iliyopita. Ndizi za dukani, alisema, zimekuzwa kwa ajili ya kinywa cha binadamu. Ni tamu mno, hazina nyuzinyuzi za kutosha, na nyani waliofugwa kwa matunda matamu na mikate ya wageni wameharisha, wameoza meno, wamepata kisukari. Hapa wanakula majani na mboga.

Na zaidi ya wote mbega. Yeye hata tunda la kawaida linaweza kumwangusha. Gunnel alimchorea kwenye karatasi: tumbo lenye vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake vijidudu wasioonekana ambao ndio hasa wanaomeng'enya majani. Ukiingiza sukari au unga, mle ndani kunachacha, tumbo linajaa gesi, vijidudu wazuri wanakufa, na mnyama naye anawafuata. Kwa sababu hiyo kila kiangazi wanakata matawi ya sälg, mti unaoota kando ya maji, wanachambua majani, wanayashindilia ndani ya mapipa yasiyoingia hewa, na wakati wa theluji mbega wanafunguliwa pipa. Léontine alishindilia mapipa yale kwa mikono yake mwezi mzima, na alifurahi kwa sababu kazi ile ilimkumbusha kwao. Alitia sahihi karatasi kwamba hataleta chakula chochote kutoka nyumbani.

Kusikia alisikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuna watu kanisani waliosema baadaye kwamba hakuelewa Kiswidi. Alielewa kila neno.

Mbega walikuwa watano, na mmoja wao, jike aliyeitwa Tyra, alimpenda Léontine. Alichukua majani kutoka kwenye vidole vyake kupitia wavu, kwa adabu, jani moja moja. Mwaka ulipogeuka, mwezi wa kwanza, Tyra akazaa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, ndipo baadaye anabadilika kuwa mweusi na mweupe kama wazazi wake. Léontine alinitumia picha na maneno haya: "Angalia, alizaliwa huku, akakuwa Muswidi." Nilicheka peke yangu ndani ya treni.

Lakini Tyra alikonda. Alikuwa amezaa katikati ya baridi, ni mzazi wa mara ya kwanza, na alikula kidogo. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Gunnel alikuwa akiwapima na kuandika, akasema tungoje, mara nyingi maziwa yanakuja yenyewe. Tungoje! Mwambie hivyo mwanamke aliyekaa siku tatu na mtoto anayenyamaza.

Jumatatu ile usiku, nyumbani kwake, Léontine alikaanga unga wa mtama, wa mahindi na wa soya, akapika uji. Akatia maziwa, sukari vijiko viwili, na ndizi moja iliyoiva akaiponda ndani. Akauweka kwenye chupa ya chai, na kila usiku uliofuata akapika mwingine. Aliniambia baadaye alivyowaza: ile karatasi inahusu wanyama wazima. Mzazi ni mambo mengine. Kwao, na kwetu pia, mzazi ana sheria zake.

Jumanne mpaka Ijumaa, kila asubuhi baada ya kugawa majani, alimpa Tyra nusu kikombe cha uji uliopoa, kwenye kifuniko cha chupa. Tyra aliulamba mpaka kifuniko kikang'aa.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwenye kahawa ukumbini. Léontine alikuwa amevaa kitenge chake kizuri cha bluu na kilemba, na mbele yake palikuwa na kipande cha keki ambacho hakukigusa. Nilijua kuna jambo. Akanivuta mpaka penye makoti.

"Dada, nilifanya mubaya," akasema. "Ule mama alikuwa hana maziba. Njo nikamuletea bouillie."

"Mama gani?"

"Tyra."

Bouillie kwao ni uji, na nilidhani ananitania. Halafu nikamwona uso. Akanieleza yote, akishika fimbo ya kutundikia makoti kana kwamba yuko kwenye basi. Tangu jana asubuhi alipofika kazini, Tyra amejikunja kwenye kona. Tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Anaharisha, anasaga meno, hataki hata jani. Daktari wa wanyama amekuja, amesema bila shaka ni vijidudu vya ugonjwa. Kesho asubuhi wataanza kumchoma dawa kali ya kuua vijidudu, na mtoto watamwondoa, alelewe kando.

"Batamupa antibiotique, na haiko microbe," akasema. "Ni miye. Ni mukono yangu."

Sasa nitasema nilichosema, kwa sababu kama nitamwandika Léontine kwa ukweli, lazima nijiandike na mimi. Nilimwambia anyamaze.

"Wewe, sikiza," nilimwambia. "Umebakisha wiki ngapi?"

"Tatu."

"Wiki tatu ukuwe na kazi ya kudumu. Ukisema, leo leo wanakutoa. Utarudi kusafisha vyoo na hayo magoti yako. Daktari ni daktari, atajua mwenyewe. Funga mdomo, Mama Précieuse. Ni nyani."

Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Ni muzazi," akasema. Akachukua koti lake.

Nilimfuata nikifoka. Nilifoka mpaka kituoni, nikafoka ndani ya treni ya chini ya ardhi, kwa Kiswahili, watu wakahama viti. Nilimkumbusha kodi, nilimkumbusha Précieuse mwenye mimba ya miezi saba, nilimkumbusha Mungu. Yeye alitazama dirishani, mikono juu ya mapaja, kilemba wima. Mjini tulibadilisha, tukapanda basi la kwenda bustani ya wanyama, na kwenye basi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Na nilipokuwa nimenyamaza nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Mimi ninawatunza wazee katika nyumba ya wazee Sundbyberg. Kila mzee ana karatasi yake: huyu ana kisukari, huyu chakula kisagwe, huyu akipewa maziwa ataugua. Mwaka huohuo nilimkaripia binti wa mzee mmoja aliyemletea baba yake keki kwa siri, nikamwambia ukificha ulichompa, sisi tutatibu kitu kingine. Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo huuhuu.

Gunnel alikuja kutufungulia geti la nyuma akiwa na suruali yake ya kazi na macho mekundu. Alikuwa amelala palepale. Alimtazama Léontine, kitenge na kilemba na viatu vya theluji, na nadhani alifikiri amekuja kumwombea mgonjwa.

Léontine hakuzunguka. Alisema palepale penye theluji, kwa Kiswidi chake kilichonyooka: "Nilimpa Tyra uji. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nusu kikombe kila siku. Nitakuambia kilichokuwa ndani."

Gunnel akatoa daftari dogo mfukoni. "Sema."

Léontine akasema. Mtama, mahindi, soya, maziwa, sukari vijiko viwili kwa chupa, ndizi moja.

"Ulimuuliza mtu yeyote?"

"Hapana. Kwetu hatuulizi. Mzazi tunampa."

"Hapa tunauliza," akasema Gunnel. Akageuka, akapiga simu.

Daktari alifika kabla ya saa nzima kupita, kijana mwenye ndevu, na nywele bado zina maji. Alisoma daftari mara mbili. Nilitegemea kelele. Badala yake akamuuliza Léontine maswali mengi, kwa upole, kama ninavyomuuliza mimi mzee aliyeanguka: ule unga ulikaangwa au haukukaangwa, aliulamba wote, mara ya mwisho kula jani ilikuwa lini. Halafu akafungua karatasi yake ya matibabu na kukata mstari wote wa kwanza. Akatueleza kwamba ile dawa ya kesho ingemaliza hata wale vijidudu wazuri wachache waliobaki, na tumbo la mbega bila wao haliwezi kitu. Asingefika Jumatano, alisema.

Wakamtundikia maji. Wakampa dawa ya kupunguza uchachu, na niliposoma chupa nikaona ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Halafu wakamlaza dume wa Tyra kwa sindano ya usingizi, wakamvuta maji ya tumboni kwa mpira mwembamba, wakayaingiza kwa Tyra ili vijidudu wazuri wapate mbegu ya kuanzia. Mtoto akaachwa na mama yake.

"Bwana amelisha bibi," Léontine alininong'oneza, na mkono umefunika mdomo. Hata mle ndani aliona la kuchekea.

Nilimwona Tyra kupitia kioo. Nilikuwa nimesema "ni nyani" saa chache tu zilizopita. Alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu yamefungwa, tumbo limemjaa, na kile kitoto cheupe kimeng'ang'ania kifuani. Alikuwa hana nguvu za kuinua kichwa chake mwenyewe, lakini kiganja chake kilikuwa nyuma ya kichwa cha mtoto, kimekishikilia kisianguke. Nililia. Sina njia nyingine ya kusema. Nililia na Léontine akanishika bega, yeye aliyekuwa na sababu zaidi yangu.

Tulipokuwa tunaondoka Gunnel akanyoosha mkono. "Ufunguo," akasema. Léontine akauvua kwenye kamba ya shingoni na kumpa. "Kaa nyumbani mpaka nikupigie. Na asante kwa kusema." Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile, nikashindwa kujua lipi ndilo la kweli.

Siku tatu Léontine alikaa kwenye kiti cha jikoni, simu imelala mezani. Nilikwenda kila siku baada ya zamu. Na hivi ndivyo nilivyojua jinsi alivyoumia: nilikaa, nikasema habari za huko nitokako, na hapakuja sahani. Jiko lilikuwa kavu. Sufuria kubwa, ile ya shali, alikuwa ameiosha na kuitia ndani ya kabati la juu ambalo halifikii bila kupanda stuli.

"Usinione mubaya," akasema. "Naogopa mukono yangu."

Nikamwambia aache upuuzi. Nilifungua jokofu lake nikapika mayai, yakaungua, tukayala.

Jumatano alasiri simu ikatikisika juu ya meza. Hapakuwa na salamu, ni video fupi na maneno mawili ya Kiswidi: Hon äter. Anakula. Kwenye video Tyra alikuwa ameketi, bado mdhaifu, na mkononi ana jani lililotoka kwenye pipa, jeusi na lililokunjamana. Analigeuza, analinusa, analitia mdomoni, anatafuna polepole. Chini yake mtoto ananyonya, na unaona koo lake linavyomeza. Léontine alipiga magoti sakafuni katikati ya maganda ya mayai yangu. Hakusema sala yoyote. Alikaa tu hapo chini, akiitazama ile video, ikiisha anaianzisha tena.

Kazi hakuipoteza. Gunnel alimwita ofisini, akampa onyo la maandishi, akamwambia kwamba hataingia kwenye vyumba vya wanyama mpaka kiangazi, atabaki na mapipa na visu. Halafu akasema jambo ambalo Léontine alilirudia kwangu mara nyingi, kwamba aliyekosea anaweza kufundishwa, lakini yeye Gunnel hawezi kufanya kazi na mtu anayenyamaza. Mimi nilisikiliza nikitazama viatu vyangu.

Wiki tatu zikapita, kazi ikawa ya kudumu. Nilidhani sasa tutakula. Lakini sufuria ilibaki kabatini. Kanisani mama mmoja alifiwa na kaka yake kule Bukavu, na Léontine alikwenda kukaa naye mikono mitupu. Watu walishangaa. Alinunua biskuti dukani, akaziweka mezani zikiwa ndani ya pakiti, akaketi kama mgeni. Pale kazini aliwaandalia mbega majani kwa kupima kwenye mizani, gramu kwa gramu, halafu anapima tena. Nilimwambia kwamba Tyra ameshapona, mtoto ameanza kubadilika rangi, masikio tayari meusi. Akasema anajua. Akasema Tyra alipona kwa sababu mkono wake ulikaa mbali.

Mwezi wa tatu Précieuse akajifungua, binti. Mume wake alinipigia mimi kwanza, asubuhi mapema, maana Léontine alikuwa kazini na simu iko kwenye kabati. Tulikwenda pamoja hospitali ya Södertälje jioni ileile kwa treni. Njia nzima nilitazama mfuko wake. Ulikuwa mwembamba. Kulikuwa na kofia ndogo aliyoifuma na hakukuwa na kitu kingine chochote. Mwanamke wa Uvira anakwenda kwa mzazi, na huyo mzazi ni mtoto wake wa pekee, na hakubeba hata kijiko! Moyo uliniuma kuliko siku ile penye kioo.

Lakini ndani ya mfuko wangu mimi kulikuwa na chupa. Nilipika uji wa wimbi asubuhi kabla ya zamu, mimi ambaye nachoma mayai. Niliwaza, kama mkono wake umeogopa, wangu utasaidia.

Précieuse alikuwa ameketi kitandani, nywele zimevurugika, mtoto kifuani. Léontine alimbusu kwenye paji la uso, akamtazama mtoto muda mrefu, akamvisha ile kofia, kisha akarudi nyuma na kuketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono mapajani. Mimi nikatoa chupa yangu haraka, nikamimina kikombe.

"Tack, tantine," Précieuse akanishukuru, akanywa. Akanywa tena kidogo, akashusha kikombe polepole. Alikuwa na adabu, lakini uso haukuficha. Kulikuwa na mabonge. Akanitazama, akamtazama mama yake kule dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema na mama yake kwa Kiswahili, kile cha utoto wake, kilichokuwa kimekaa bila kutumika.

"Mama. Bouillie yangu iko wapi?"

Niliona mikono ya Léontine ikishikana.

"Mama, ile yako. Maziba yangu hayatoke muzuri. Nakuomba."

Léontine akasimama. Akavaa koti lake kubwa, akafunga vifungo vibaya, kimoja juu kimoja chini. Alipita mbele yangu bila kuniaga, akakichukua kikombe changu kutoka mkononi mwa Précieuse, akakinusa, akanirudishia kwa huruma. Kutoka Södertälje mpaka Vällingby na kurudi si mwendo mfupi, na tayari nilimwona akihesabu treni kichwani. Akafika mlangoni, akashika kitasa. Kisha akasimama, akageuka, akamtazama binti yake.

"Unataka nitie sukari?" akauliza. "Ao bila sukari? Na maziba ya ng'ombe, tumbo yako itayapokea?"

Miaka kumi na minne nimekula kwa mwanamke yule, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akimuuliza mtu.

"Kidogo, mama," Précieuse akasema. "Sukari kidogo."

Léontine akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda stuli na kuishusha ile sufuria.